Machimbo ya mawe yaliyoachwa: jinsi ardhi iliyokufa inavyorudishiwa uhai

Dunia hutumia takriban tani bilioni 50 za mchanga, changarawe na kokoto kila mwaka, kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, iliyotolewa mwaka 2022.

Vitu hivyo ndivyo vinavyojenga nyumba, barabara, madaraja na bandari. Hata hivyo, kila lori la kokoto linalofika mjini limeacha shimo mahali fulani.

Mashimo hayo yakishamalizwa, aghalabu huachwa kama yalivyo. Mvua ikinyesha hujaa maji, na mbu huzaliana humo. Habari za watoto waliozama katika mashimo ya namna hiyo husikika mara kwa mara nchini Kenya, Tanzania na Uganda.

Je, ardhi iliyochimbwa hadi kwenye mwamba inaweza kurudi kuwa na uhai? Watafiti katika nchi mbalimbali wamekuwa wakilitafutia jibu swali hilo kwa zaidi ya nusu karne. Mojawapo ya majaribio yanayotajwa sana duniani lilifanyika katika pwani ya Afrika Mashariki, kaskazini mwa mji wa Mombasa.

Jangwa jeupe la Bamburi

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954. Malighafi yake kuu ilikuwa chokaa ya matumbawe ya kale, yaani mwamba uliotokana na viumbe wa baharini walioishi zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo.

Ili kuufikia mwamba huo, ilibidi kwanza kuondoa miti na udongo uliokuwa juu yake. Kilichobaki baada ya uchimbaji kilikuwa uwanda mpana wa mawe meupe unaoakisi jua kali la pwani, usio na kivuli wala udongo. Maji yaliyokuwa chini kidogo ya sakafu ya machimbo yalikuwa na chumvichumvi.

Mwaka 1971 kazi ya kulifufua eneo hilo ilikabidhiwa René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa ameajiriwa na kampuni hiyo tangu mwaka 1959.

Haller alianza kwa kuchunguza kama kuna mmea wowote uliojiotea wenyewe katika sehemu zilizoachwa kwa miaka mingi. Alichokiona kilikuwa kidogo mno: mimea michache iliyojificha katika nyufa na nyuma ya mawe, palipokuwa na kivuli na unyevu kidogo. Ilikuwa wazi kwamba maumbile yakiachiwa kazi hiyo peke yake, vizazi vya watu vingepita kabla ya msitu kuonekana.

Aina 26 za miti zilipandwa kwa majaribio. Tatu tu ndizo zilizoweza kuhimili hali hiyo: mnazi, mti mmoja wenye asili ya Somalia unaojulikana kwa wanasayansi kama Conocarpus lancifolius, na mvinje.

Siri ya mvinje

Wakazi wa pwani wanaufahamu vizuri mvinje. Ni mti mrefu, mwembamba, wenye vijiti vya kijani vinavyofanana na sindano, na upepo ukivuma husikika kama unanong'ona. Asili yake ni Australia na Asia ya Kusini-Mashariki, lakini umeenea katika fukwe nyingi za Bahari ya Hindi.

Mti huo huvumilia chumvi na joto. Zaidi ya hayo, mizizi yake hufanya ushirika na bakteria wanaoitwa Frankia. Bakteria hao hukaa ndani ya vinundu vya mizizi, huvuta nitrojeni kutoka hewani na kuigeuza kuwa chakula ambacho mti unaweza kukitumia. Mti kwa upande wake huwapa bakteria hao sukari.

Hata hivyo, ushirika huo hauji wenyewe. Katika mwamba uliochimbwa hapakuwa na Frankia, na miche ya mwanzo ilidhoofika na kugeuka rangi ya manjano. Ilibidi kuleta udongo kidogo kutoka chini ya mivinje iliyokomaa na kuutia katika mashimo ya miche. Baada ya hapo miti ilichangamka na kukua kwa kasi.

Lakini kukua kwa miti kulizaa tatizo jipya. Sindano kavu za mvinje zilianguka na kurundikana chini bila kuoza. Zina tanini nyingi, kemikali chungu inayowafukuza wadudu wengi na kuwazuia vijidudu kufanya kazi yao ya kuozesha. Palikuwa na miti sasa, lakini bado hapakuwa na udongo.

Jongoo aingia kazini

Jawabu lilipatikana kwa kiumbe ambaye watu wengi hupita wakimkwepa: jongoo.

Ilibainika kwamba jongoo mkubwa wa pwani mwenye miguu myekundu, Epibolus pulchripes, ana uwezo wa kula sindano hizo. Tumboni mwake huzisagasaga, na kinyesi chake huwa chakula kwa bakteria na kuvu ambao hawakuweza kuanza na sindano nzima. Majongoo yalikusanywa kwa mamia kutoka maeneo ya jirani na kuachiwa chini ya mivinje.

Polepole tabaka jeusi la mboji likaanza kuufunika mwamba. Mbegu zilizoletwa na ndege na upepo zikapata mahali pa kushika. Baadaye mivinje ilipunguzwa, mbao na nguzo zake zikauzwa, na miti ya asili ya misitu ya pwani ikapandwa katika nafasi zilizoachwa na chini ya vivuli vilivyobaki.

Kwa maneno mengine, mvinje haukupandwa ili uwe msitu. Ulipandwa uwe mlezi: utoe kivuli, uvunje upepo, ulete nitrojeni, kisha uwapishe wengine.

Mabwawa nayo yalichimbwa na kutiwa samaki aina ya perege. Wanyama wakaletwa mmoja baada ya mwingine, baadhi yao yatima waliookolewa porini. Mwaka 1984 eneo hilo lilifunguliwa kwa wageni, na baadaye likapewa jina la Haller Park.

Dunia ililifahamu zaidi mwishoni mwa mwaka 2004. Mtoto wa kiboko aliyepewa jina la Owen, aliyeokolewa baharini karibu na Malindi wakati wa tsunami, alipelekwa huko na kuanza kumfuata kobe mzee aliyeitwa Mzee kana kwamba ni mamake. Picha za wawili hao zilienea ulimwenguni. Wengi waliozitazama hawakujua kwamba uoto uliowazunguka ulikuwa umesimama juu ya machimbo ya mawe.

Nitrojeni ndiyo akiba ya ardhi

Kwa nini udongo uwe jambo gumu kiasi hicho kuliko miti yenyewe? Jibu moja lilitoka Uingereza, katika utafiti uliofanyika wakati uleule ambapo majaribio ya Bamburi yalikuwa yakiendelea.

Profesa Anthony Bradshaw wa Chuo Kikuu cha Liverpool na wenzake walichunguza ardhi zilizoharibiwa na viwanda na migodi, zikiwemo lundo za mabaki ya kaolini, udongo mweupe unaochimbwa katika jimbo la Cornwall. Waliona kwamba nyasi zilizopandwa kwa mbolea zilistawi mwaka wa kwanza, kisha zikafifia mara mbolea ilipokoma.

Sababu ilikuwa nitrojeni. Virutubisho vingine vinavyohitajika na mmea hutokana na mwamba unaomeng'enyuka, lakini karibu nitrojeni yote ya udongo hutokana na viumbe. Ardhi inayojitegemea katika mazingira ya Uingereza, watafiti hao walikadiria, inahitaji akiba ya takriban kilo 1,000 za nitrojeni kwa hekta. Ardhi iliyochimbwa huanza karibu na sifuri.

Hesabu hiyo inaonyesha kwa nini mfuko mmoja au miwili ya mbolea haitoshi. Mimea ya jamii ya mikunde, ambayo nayo hushirikiana na bakteria, inaweza katika hali nzuri kuongeza kilo 100 hivi kwa hekta kila mwaka. Hata kwa msaada huo, kazi ni ya miaka kumi au zaidi.

Njia nyingine ni kutengeneza udongo. Hivyo ndivyo ilivyofanyika katika bustani ya Eden Project, iliyofunguliwa mwaka 2001 ndani ya shimo la zamani la kaolini huko Cornwall. Zaidi ya tani 80,000 za udongo zilitengenezwa kwa kuchanganya mabaki ya mgodi na mboji ya takataka za mimea. Njia hiyo ni ya haraka, lakini gharama yake ni kubwa na si kila machimbo yanayoweza kuimudu.

Kusaidia au kuacha?

Si watafiti wote wanaokubali kwamba ardhi iliyochimbwa lazima ipandwe miti.

Katika Jamhuri ya Czech, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Bohemia Kusini, akiwemo Profesa Karel Prach, wamefuatilia kwa miaka mingi machimbo yaliyoachwa bila kuguswa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, Klára Řehounková na Prach walichunguza jinsi mimea inavyojirudisha yenyewe katika machimbo ya mchanga na changarawe.

Waligundua kwamba mambo mawili yana uzito mkubwa. La kwanza ni kina cha maji ya chini ya ardhi. La pili ni majirani: kama karibu na shimo kuna msitu au mbuga ya asili, mbegu zitafika zenyewe. Kama pembezoni kuna magugu tu, magugu ndiyo yatakayoingia.

Watafiti hao wanasema kwamba pale hali inaporuhusu, machimbo yaliyoachiwa maumbile huwa na aina nyingi zaidi za mimea na wadudu adimu kuliko yale yaliyosawazishwa kwa mashine, kufunikwa udongo wenye rutuba na kupandwa miti kwa mistari. Rutuba yenyewe inaweza kuwa kikwazo, kwani huwapa nguvu magugu yanayokua haraka, nayo huisonga mimea midogo iliyozoea ardhi maskini.

Kuta za machimbo pia zina wapangaji wake. Mbayuwayu wa mchangani na keremkerem hutoboa viota katika kingo za mchanga zilizosimama wima. Kuzisawazisha zote kwa ajili ya unadhifu ni kuwabomolea nyumba.

Je, matokeo ya Czech yanapingana na ya Bamburi? Wanaofuatilia suala hili wataona kwamba maeneo hayo mawili yalikuwa na maswali tofauti. Katika Ulaya ya kati mvua ni ya wastani, machimbo mengi ni madogo na mbegu ziko karibu. Bamburi ilikuwa uwanda mpana wa mwamba mtupu, chini ya jua kali, juu ya maji ya chumvi. Pale palihitajika mlezi wa kuanzisha safari.

Pahali pengine jawabu huwa maji

Machimbo ya changarawe hutofautiana na ya mawe magumu kwa jambo moja kubwa: mara nyingi huchimbwa katika mabonde ya mito, na hujaa maji mara pampu zinapozimwa.

Uingereza ina mabwawa mengi ya aina hiyo. Hifadhi ya Attenborough, karibu na mji wa Nottingham, ilifunguliwa mwaka 1966 katika eneo ambako changarawe ilianza kuchimbwa mwaka 1929. Leo ni makazi ya ndege wa majini.

Mfano mkubwa zaidi uko Needingworth, katika jimbo la Cambridgeshire. Huko kampuni ya uchimbaji iliyojulikana kama Hanson na shirika la kulinda ndege la RSPB wanaugeuza mgodi wa mchanga na changarawe kuwa hifadhi ya Ouse Fen, ambayo sehemu yake kubwa ni matete. Sehemu moja ikimalizwa kuchimbwa hukabidhiwa kwa wahifadhi, huku uchimbaji ukiendelea upande wa pili. Umbo la bwawa, kina chake na njia za maji hupangwa mapema, na mashine zilezile zinazochimba ndizo zinazochonga kingo.

Faida yake imeonekana kwa ngojamaliko, ndege wa jamii ya kulastara anayeishi katika matete. Mwaka 1997 walibaki madume 11 tu waliosikika wakilia nchini Uingereza. Sasa wanazidi 200, na mabwawa yaliyotokana na machimbo ni miongoni mwa makazi yao.

Afrika Mashariki nayo ina mabwawa ya namna hiyo, lakini mengi hayakupangwa na mtu. Kando ya barabara kuu ya Kampala kwenda Masaka nchini Uganda, uchimbaji wa mchanga katika eneo oevu la Lwera umeacha madimbwi makubwa karibu na Ziwa Victoria. Kingo zake mara nyingi ni wima, na hicho ndicho kinachoyafanya kuwa mtego kwa mtoto au ng'ombe anayeteleza.

Wataalamu wanasema mteremko wa taratibu ukingoni huokoa maisha, na wakati huohuo huruhusu matete kuota na samaki kupata mahali pa kutagia. Samaki wanaokula viluwiluwi nao husaidia kupunguza mbu, mradi bwawa liwe la kudumu na lisiwe madimbwi madogo yanayokauka na kujaa.

Sheria zipo, mashimo yapo

Kisheria, mchimbaji hatakiwi kuondoka na kuliacha shimo wazi.

Nchini Kenya, Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inaruhusu kutolewa kwa amri ya kumtaka aliyeharibu ardhi airudishe katika hali nzuri. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 nayo inadai dhamana ya fedha kutoka kwa mwenye leseni ya uchimbaji, ili kama ataondoka bila kukarabati, fedha ziwepo. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yenye lengo kama hilo.

Ugumu unakuja katika machimbo madogo. Kokoto nyingi za miji ya Afrika Mashariki hazitoki kwa makampuni makubwa. Hutoka kwa watu wanaokodi kipande cha ardhi, kama ilivyokuwa kwa miaka mingi huko Kunduchi, jijini Dar es Salaam, ambako wanawake walivunja mawe kwa nyundo ili kulisha familia zao. Mawe yakiisha, wachimbaji huhamia kwingine. Mwenye ardhi ameshapokea kodi yake, mnunuzi ameshajenga nyumba yake, na shimo hubaki kwa majirani.

Kumtaka mvunja kokoto aweke dhamana ya fedha ni kumtaka asichokuwa nacho. Lakini baadhi ya yale yaliyogunduliwa na watafiti hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza ni kutoutupa udongo wa juu. Sentimita chache za juu ndizo zenye mboji, mbegu na vijidudu, na zikirundikwa pembeni zinaweza kurudishwa uchimbaji ukiisha. Zikilundikwa kwa kimo kikubwa na kwa miaka mingi, viumbe vilivyomo hufa, kwa hiyo ni heri kuzirudisha mapema, sehemu kwa sehemu. Bamburi ilitumia miaka kuunda upya kitu ambacho mwanzoni kiliondolewa kama takataka.

La pili ni kupanga mwisho kabla ya mwanzo: wapi kingo zitalazwa, wapi maji yataelekea, na nani atakabidhiwa eneo. La tatu ni kuacha kipande cha msitu au kichaka cha asili karibu, kiwe ghala la mbegu.

Je, ni msitu uleule?

Swali moja bado linajadiliwa. Haller Park ina twiga, viboko na kobe wakubwa kutoka visiwa vya Aldabra. Wanyama hao hawakuwa wakiishi pamoja katika msitu wa pwani uliokuwepo kabla ya kiwanda. Wanaikolojia hutofautisha kuirudisha ardhi kama ilivyokuwa na kuifanya iwe na manufaa tena, na wengi wangeliweka eneo hilo katika kundi la pili.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Misitu ya asili ya pwani ya Kenya, ikiwemo ile ya makaya inayotunzwa na Wamijikenda kwa imani na mila zao, ina mimea isiyopatikana kwingineko duniani. Baadhi yake inakaa juu ya mwamba uleule wa matumbawe ambao viwanda vinautaka. Mafanikio ya ukarabati yanaweza kutumiwa kuhalalisha uchimbaji mpya, kwa hoja kwamba kila kinachoharibiwa kitatengenezwa. Utafiti hauungi mkono hoja hiyo. Unaonyesha kwamba uhai unaweza kurudi, lakini hauonyeshi kwamba msitu wa karne nyingi unaweza kurudi katika muda wa maisha ya binadamu mmoja.

Kampuni ya Bamburi yenyewe imebadilisha wenyewe. Desemba 2024 sehemu kubwa ya hisa zake ilichukuliwa na Amsons Group ya Tanzania. Miti iliyopandwa tangu mwaka 1971 imedumu kupita mikono ya wamiliki mbalimbali, kwa sababu alikuwepo mwajiri aliyelipa mishahara ya watunzaji kwa miongo mitano.

Mashimo madogo ya Afrika Mashariki hayana mwajiri wa namna hiyo. Maarifa ya kuyafufua yapo, na sehemu yake yalizaliwa hapahapa pwani. Kinachosubiriwa ni serikali za mitaa na wenye ardhi kuamua ni nani atakayewajibika siku jiwe la mwisho litakapotoka.